Ua wa Mwenye Eda

Kiswahili chetu kimelitwika neno "ua" mizigo mitatu. Ua ni lile lichanualo juu ya mti, na wingi wake ni maua. Ua ni kizuizi kinachozungushwa nyumba, kiwe cha makuti, cha mabua au cha miti iliyo hai. Na ua ni uwanja wenyewe uliomo ndani ya kizuizi hicho, mahali ambapo mama hupepeta mchele, huanika nguo na kuketi alasiri bila ya kujitanda. Wataalamu wa lugha watasema kwamba ni maneno mbalimbali yaliyokutana kwa sauti, nasi hatubishani nao. Lakini katika nyumba ya Kiislamu mambo hayo matatu hukaa pamoja, na likiondolewa moja, mengine mawili hupungua.

Wasomaji wetu walioko Mombasa, Lamu na Malindi wanaujua ua kwa sura moja. Nyumba ya kale ya kwetu huipa njia mgongo wake, kisha hufungua moyo wake ndani: kuta pande zote, mbingu juu, kisima pembeni, na mrehani na asumini karibu na mlango wa jikoni. Mpita njia haoni kitu. Sisi tuliozaliwa huko pwani, kisha tukaletwa Kisumu na kazi ya kusomesha, tumekaa kando ya ziwa miaka mingi, na hadi leo twastaajabia jinsi nyumba za huku zilivyogeuzwa nje kama nguo iliyovaliwa kinyume. Nyumba huwekwa katikati ya kiwanja, nyasi zikawa mbele, miti pembeni, na macho ya dunia pande zote nne.

Sababu yake ni ya zamani kidogo. Reli iliyotoka Mombasa ilifika ziwani mwezi wa Desemba 1901, na mahali hapa pakaitwa Port Florence kabla ya jina la Kisumu kurudi mahali pake. Miaka minne tu kabla ya hapo, mwaka 1897, daktari Ronald Ross alikuwa amethibitisha huko India kwamba vijidudu vya malaria hukua ndani ya mbu. Basi mji huu ulizaliwa na hofu ya mbu. Mwaka 1913 Waingereza walimleta Profesa W. J. Simpson kuchunguza afya ya miji ya Afrika Mashariki, naye akashauri kwamba watu wakae mbalimbali kwa rangi zao, na baina yao paachwe ardhi tupu. Wazungu walikaa kilimani, ndiyo Milimani ya leo, wakiwa na viwanja vipana vya nyasi zilizokatwa fupi; Wahindi mitaa ya maduka; Waafrika pembezoni. Nyasi fupi mbele ya nyumba zilikuwa kinga kabla hazijawa pambo.

Hofu hiyo imesalia katika vitabu vya sheria. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242 ya Sheria za Kenya, ina sehemu nzima inayohusu mbu. Inamtaka mwenye nyumba mjini asiache kiwanja chake kikamezwa na vichaka au nyasi ndefu ambazo afisa wa afya ataziona kuwa zaweza kuwahifadhi mbu. Asiache uani chupa, mikebe na vyombo vilivyovunjika ambavyo hukusanya maji. Na kisima kifunikwe. Tangu Katiba ya 2010, kuondoa kero zinazoudhi watu na kupanga matumizi ya ardhi zimekuwa kazi za serikali za kaunti, kwa hivyo abishaye hodi leo na karatasi mkononi ni mtu wa kaunti. Wataalamu wa zama hizi nao wanatueleza kwamba mbu mashuhuri wa malaria wa kwetu, Anopheles gambiae, hupenda kutaga katika vidimbwi vidogo vilivyo wazi kwa jua, hata katika alama ya kwato za ng'ombe. Mama aliyefyeka nyasi akaacha shimo la maji ya kufulia nyuma ya jiko amefanya nusu ya kazi, na yaelekea ni ile nusu ndogo.

Haya yote tungeyaacha yalale vitabuni lau si jirani yetu mmoja kufiwa na mumewe.

Marehemu alikuwa mtu wa bandarini, mpole, mpenda mimea. Kiwanja chake kiko kwenye pembe ya njia mbili, na kwa kuwa nyumba yenyewe ni vyumba viwili vya bati, yeye na mkewe waliishi zaidi uani kuliko ndani. Alipanda lantana pande zote, ile yenye maua mekundu na ya manjano katika kichala kimoja, akaiacha ikapanda hadi ikampita mtu kimo. Ndani ya wigo huo mkewe alipika, alisoma, aliwafundisha mabinti wa jirani Juzuu Amma. Alipofariki, mama huyu akaingia eda, miezi minne na siku kumi, na ule ua ukawa ndiyo nje yake yote.

Wiki ya tano ya eda ikaja barua ya kamati ya mtaa. Siku kumi na nne: nyasi zifyekwe, wigo ukatwe hadi kimo cha kiuno, na mti uliovuka mpaka upunguzwe. Alimtuma bintiye na barua kwa mama wa watoto wetu, nasi tukaenda pamoja, tukakaa barazani naye akiwa ndani ya mlango.

"Ustadhi," alisema, "saa nane mchana nyumba hii haikaliki, bati linachoma. Nyasi nitaziondoa leo, ni haki yao. Lakini ua huu ukikatwa hadi kiunoni nitakuwa nimefungiwa ndani. Eda niliikubali kwa Mola wangu. Hiki kifungo kingine nimekubali kwa nani?"

Tuliisoma barua ile mara mbili. Juu ya nyasi hapakuwa na la kusema. Sheria ya nchi iko wazi na dini haipingani nayo. Iko riwaya inayoamrisha kusafisha viwanja vya nyumba, na ingawa wanachuoni wamezungumza juu ya udhaifu wa isnadi yake, maana yake haina ubishi. Wajukuu zetu wawili walizifyeka nyasi hizo kabla ya adhuhuri. Kuhusu wigo, barua haikutaja sheria yoyote. Ilitaja makubaliano ya wakazi tu.

Hapa tuwatahadharishe wasomaji wetu. Si kila karatasi yenye muhuri ni sheria. Iko amri ya Bunge, iko kanuni ya kaunti, yako masharti yaliyoandikwa katika hati ya kiwanja au mkataba wa kupanga, na yako mapatano ya majirani. Kila moja ina nguvu yake, na mwenye kupokea barua ana haki ya kuuliza, kwa adabu, ni ipi kati ya hizo inayosema. Mama zetu wengi hutii kwa hofu au hukaidi kwa hasira, na yote mawili yana gharama.

Fiqhi ya majirani ni pana kuliko tunavyoisomesha watoto. Sote twajua kanuni ya kutodhuru na kutodhuriana. Wachache wanakijua kisa kilichopokewa na Abu Daud juu ya Samura bin Jundub, aliyekuwa na mtende ndani ya bustani ya mmoja wa Maansari. Ansari yule alikuwa akikaa pale na ahali zake, na Samura akiuingilia mtende wake bila ya kujali. Mtume (S.A.W.) alimtaka auuze, akakataa, aubadilishe, akakataa, autoe kwa ahadi ya malipo, akakataa. Ndipo alipoambiwa kuwa yeye ni mwenye kudhuru, na Ansari akaruhusiwa kuung'oa. Wako waliosema juu ya isnadi ya hadithi hiyo pia. Lakini tazama kilichokuwa kikigombewa: si tende, ni sitara ya watu wa nyumba.

Wanachuoni wa Kishafii, madhehebu yetu ya pwani, wanasema kwamba tawi likivuka na kuingia katika anga ya jirani, mwenye mti hutakiwa aliondoe. Akikataa, jirani ana haki ya kulipinda, na lisipopindika, kulikata. Majalla, mkusanyiko wa sheria uliotolewa na dola ya Uthmaniya kati ya 1869 na 1876, inakwenda mbali zaidi. Inahesabu kuwa ni madhara makubwa kuona mahali pa wanawake, na inapataja kwa majina: jiko, kisima, uwanja wa nyumba. Tena inasema kwamba mwenye mti wa matunda ambao akiupanda huona uwanja wa jirani, hakatazwi kuupanda, ila lazima atoe habari kwanza ili wanawake wajisitiri. Watu waliokaa kuandika jambo dogo kama hilo walikuwa wanaijua jamii.

Kisumu hakuna kadhi wa Uthmaniya, na wengi katika kamati ile si Waislamu. Hatukwenda kuwasomea Majalla. Tulikwenda kusikiliza kwanza, kwani mwenye eda, ingawa sharia inamruhusu kutoka mchana kwa haja yake, hakutaka kusimama mbele ya mkutano, na hakuna aliyeweza kumlazimisha.

Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu, mama mwenye sauti ya darasani. "Sheikh," alituambia, "mimi mwenyewe nilimpikia chakula siku ya msiba, sina ubaya naye. Lakini mwezi uliopita mtoto wa darasa la pili aligongwa na pikipiki pale pembeni. Dereva hakumwona kwa sababu ya lantana ile. Mungu amesaidia, ni mguu tu. Tena usiku vijana wasiojulikana hujificha humo. Nikinyamaza, mtoto wa pili akifa, nitamwambia nini mama yake?"

Hoja hiyo haikuwa na jibu, wala hatukulitafuta. Njia ni haki ya wapitao, na mtu hana ruhusa ya kujisitiri kwa kitu kinachowaua watoto wa wenzake. Tukamuuliza swali moja: je, mtoto yule aligongwa upande upi? Akatoka nje nasi, tukatembea naye hadi pale. Ni upande wa pembe, hatua kama sita hivi za wigo. Upande wa jikoni, unaotazama kichochoro, haukuzuia macho ya dereva yeyote. "Basi," tulimwambia, "barua imekata nguo nzima kwa ajili ya doa moja." Alicheka, na tangu hapo mazungumzo yakawa mepesi.

Kwa lantana yenyewe hatukuitetea hata kidogo. Wanaoipanda hupenda maua yake na uharaka wake, lakini ni mgeni aliyetoka Amerika na hapa Nyanza ina sifa mbaya. Miaka ya 1960, malale yalipozuka Alego, mbung'o walikutwa wakikaa katika vichaka vya lantana vilivyozunguka nyumba za watu. Uchafu na nyoka navyo huipenda. Mwenye kutaka wigo wa miti tungemshauri kaiyaba, yenye miiba na tunda la jamu, maadamu ataikata kila baada ya masika. Mnyaa, ambao Wajaluo huuita ojuok na kuzungushia maboma yao tangu zamani, ni mzuri kwa kuwa haufi na mbuzi hawaugusi. Lakini maziwa yake yakimwingia mtoto jichoni ni hatari kubwa. Na ule mti wenye maua ya manjano kama kengele, unaopendwa sana kwenye malango ya Kisumu, mama mwenye watoto wadogo na asiupande kabisa. Mbegu zake ni sumu ya moyo.

Wakazi wa ziwa hili wangepaswa kuogopa mimea ya mapambo kuliko watu wote. Gugu maji lililofunga bandari ya Kisumu, likawazuia wavuvi wa Dunga kutoa mashua zao, ni mmea wa Amerika ya Kusini uliosambazwa duniani kwa ajili ya maua yake ya zambarau. Mtu aliupenda katika kidimbwi cha bustani yake. Ulipoingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, haukuwa na adui, na mwaka 1998 Ghuba ya Winam ilikuwa kijani kiasi cha mtu kudhani ni malisho. Wakaletwa wadudu wa kuula, ukapungua. Kisha ukarudi, na bado hurudi.

Kwa walio karibu na maji yako mambo mengine. Kanuni za mazingira za mwaka 2006 zinakataza kulima au kujenga kando ya mto kwa upana usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande, kwa kupimwa kutoka alama ya mafuriko makubwa. Kanuni za 2009 za miti mashambani nazo hazitaki mikalitusi katika ardhi ya majimaji na kingo za mito. Wenye nyumba kando ya mto Auji walikuwa wakiziona kanuni hizi kama maneno ya watu wa Nairobi, hadi mwaka 2020 ziwa lilipopanda kwa kiwango kisichoonekana tangu miaka ya 1960 na maji yakaingia vyumbani bila hodi. Na mwenye kupanda nyasi nzuri karibu na ufuo wa Dunga ajue kwamba kiboko hutoka usiku kula, naye hula kilo 40 hivi kwa usiku mmoja. Huyo haombi mshahara wa mtunza bustani, lakini msimtoe nje kwa fimbo.

Turudi kwenye mwembe. Ulikuwa wa mzee jirani, upande wa nyuma, na tawi lake moja lilikuwa limelala juu ya bati la mjane. Tatizo la mama halikuwa tawi. Vijana walipanda kuchuma, na kutoka juu waliuona ua wote. Tulimwendea mzee baada ya alasiri. Tulipomweleza kwamba katika dini yetu mwenye kupanda mti unaochungulia kwa jirani hutoa sauti kwanza, alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Sheikh, hata kwetu mtu haingii boma la wenyewe bila kujikohoza. Hawa watoto wa siku hizi hawajui kukohoa." Tawi alilikata mwenyewe Jumamosi, akapeleka ndoo mbili za maembe. Wako waliotuuliza kama maembe ya tawi lililovuka ni ya mjane. Hapana, tunda ni la mwenye mti hata likining'inia juu ya jiko lako, na kilichopelekwa kilikuwa hedaya. Mwembe wenyewe hakuna aliyetaka ukatwe. Serikali inawataka wananchi wapande miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na Novemba 2023 ikatangaza sikukuu nzima ya kupanda. Ingekuwa ajabu mtaa wetu kusherehekea kwa shoka.

Mapatano yalikuwa hivi. Lantana ya pembeni iling'olewa wiki ile ile, mizizi na yote, na pale pakaachwa nyasi fupi. Upande wa kichochoro uliachwa hadi eda iishe. Na kwa kuwa pembe ilibaki wazi, vijana wa mtaa, Waislamu na Wakristo, walisimamisha matete ndani zaidi ya kiwanja, mbali na njia, kimo cha kumsitiri mtu aliyesimama. Matete yalitoka ziwani, gharama ikachangwa. Mwalimu alikuwa wa kwanza kutoa. Mama alipoteza kiasi cha robo ya ua wake. Alituambia waziwazi kwamba imemuuma, kwa sababu pembe ile ndipo mumewe alipopenda kuweka kiti. Hatukumwambia kwamba ni jambo dogo.

Mwezi wa Aprili alipanda mpasheni chini ya matete. Eda ilipokwisha, mwezi wa Juni, mmea ulikuwa umefika kifuani, na lantana ya kichochoro iling'olewa kama ilivyoahidiwa, ingawa mara mbili tulilazimika kuwakumbusha wakataji wasipitilize. Mahali pake ameweka miche ya kaiyaba, ambayo kwa sasa haimfichi hata kuku. Hapo kati amening'iniza mikeka.

Kamati imetutaka tuandike kifungu kimoja kitiwe katika kanuni za mtaa. Tumeandika kwamba wigo wa kwenye pembe ya njia usizidi kimo cha kiuno, na kwamba upande usiozuia macho ya njia, mwenye nyumba ana haki ya sitara kwa kimo akitakacho, maadamu anautunza. Mwalimu amesahihisha herufi mbili na kuongeza kwamba barua yoyote ya kukata isipelekwe kwenye nyumba yenye msiba kabla ya mjumbe kwenda kwanza kwa miguu. Kitapigiwa kura mwezi ujao, na wako wawili watatu ambao tayari wamesema watakipinga.